Unyayo wa Kuku Ndani ya Saa ya Babu

Joubert Park, Johannesburg
Jumapili, mwezi wa nane, 2017

Kwa Baba yangu,

Shikamoo, Baba. Shikamoo, Mama, maana najua nawe umekaa hapo karibu, unachambua mchele na sikio liko huku. Kaka Hamisi, wewe unayeisoma barua hii kwa sauti, habari za kazi? Naomba usome polepole, na ukifika mahali utakapoona aibu kwa niaba yangu, usiruke. Soma tu.

Macho yako yanaendeleaje, Baba? Kaka aliniambia kwamba jicho la kulia sasa linaona mwanga tu na daktari anataka lingine nalo lipimwe. Kila nikilala nakuombea. Je, asali ya mwaka huu imeanza kushuka? Bibi magoti yanamruhusu kutembea mpaka kisimani? Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya huku inapasua midomo, na asubuhi maji ya bomba yanauma meno, lakini mkaza mjomba amenipa sweta lake la sufu, limenifika magotini, nimekuwa kama gunia lenye kichwa.

Huenda unashangaa kwa nini nimeandika ilhali kila Jumamosi tunaongea kwenye simu. Kwenye simu mimi ni mwoga. Ukinyamaza kidogo tu naogopa, na nikiogopa nasema lolote litakalokufurahisha. Kwa hiyo nimeandika. Mama Chausiku, jirani yetu wa ghorofa ya tatu, anakwenda nyumbani kwa basi, na nimemwomba akukabidhi barua hii kwanza. Saa yako anayo pia, ameishonea ndani ya pindo la khanga. Nimemsihi asiitoe mpaka Kaka afike mwisho wa karatasi ya mwisho. Tafadhali mvumilie, Baba. Usiifungue kabla hujasikia yote.

Naanza na kazi. Kibanda cha Mjomba Selemani kiko ndani ya jengo la maduka Fordsburg, kati ya mama anayeuza mitandio na kijana wa Kiburundi anayetengeneza simu. Kina upana wa kitanda kimoja. Mjomba anakaa mbele na mimi nyuma yake, na mteja akija mimi nainama, maana bado Kiingereza changu kinakimbia nikitazamwa. Mteja mmoja alimuuliza Mjomba, "Huyo mtoto wako ni bubu?" Mjomba akamjibu, "Siyo bubu. Anahesabu meno ya gurudumu, usimchanganye." Nilicheka mpaka nikaangusha skrubu. Tuliitafuta mpaka saa ya kufunga.

Kwanza nilijifunza mikanda na betri. Kisha Mjomba akaniruhusu kukaa kwenye mashine ya kung'arishia. Ni mota ndogo yenye gurudumu la pamba; unalipaka dawa nyekundu iliyo ngumu kama mche wa sabuni, unasogeza saa taratibu, na bati lililochoka linakuwa kioo. Siku hiyo hiyo ya kwanza Mjomba aliinua kidole.

"Mwanaidi. Nje ya saa ni mali ya mwenye saa. Ang'arishiwe anavyotaka. Ndani ya kifuniko ni mali ya mafundi. Ndani hapaguswi na gurudumu. Brashi laini na sabuni, basi."

"Ndiyo, Mjomba," nikasema. Mimi husema ndiyo haraka, unanijua.

Sasa niseme habari ya saa yenyewe, ingawa wewe unaijua kuliko mimi, ili Mama na Kaka waelewe nilichokifanya. Nilikuwa na miaka saba uliponionesha kwa mara ya kwanza. Uliketi kwenye kibanda chako pale sokoni, ukaitoa saa ya mfukoni ya Babu, ile ya fedha iliyoandikwa Delorbe usoni, ukafungua kifuniko cha nyuma kwa ukucha. Ukaniambia, "Kila fundi anayeifungua saa anakwaruza alama yake humu kwa sindano. Hii hapa ni ya fundi wa Kihindi wa barabara ya stesheni, aliyemfundisha Babu yako. Hizi mbili za kizungu hatujui ni za nani. Na hizi zote ni za marehemu." Babu hakuwahi kukaa darasani, kwa hiyo hakukwaruza herufi. Alikwaruza unyayo wa kuku: mistari mitatu midogo inayokutana. Kulikuwa na nyayo kumi na moja, moja kwa kila mara aliyoifungua saa ile tangu mkuu wa stesheni alipomwachia siku ya kustaafu. Chini yake zilikuwepo zako nne, unyayo ule ule wenye nukta.

Ulisema jambo jingine ambalo sikulisahau. Ulisema picha ya Babu hatuna hata moja, na jiwe la kaburi lake halina jina, na kwamba mkono wake umebaki ndani ya kile kifuniko tu.

Siku unaniaga, springi ya saa ilikuwa imekatika mwaka mzima na spea hupati. Ukaniwekea saa kiganjani, ukasema, "Mjomba wako akishaitengeneza, akufundishe kuifungua. Siku utakayoifungua kwa mkono wako, kwaruza alama yako chini ya yangu." Mama akacheka, "Msichana naye?" Nawe ukamjibu, "Saa inajua nani msichana?" Baba, maneno hayo niliyabeba kuliko begi. Ndani ya basi, kabla hatujavuka Tunduma, nilikuwa nimeshachagua alama yangu: punje moja ya mchele mbele ya unyayo wa kuku, ili kuku wa Babu awe na cha kufuata.

Mjomba alipata springi mwezi wa tano. Saa ikaanza kutembea, na sauti yake ni nene, si kama hizi za betri. Ijumaa moja Mjomba alikwenda msikitini akaniachia kibanda. Nikaifungua saa mwenyewe. Kwa ukucha, kama wewe. Ndani ya kifuniko fedha ilikuwa imekuwa nyeusi, na zile alama zilionekana kwa tabu, kama maandishi kwenye sufuria yenye masizi. Nikafikiri: Baba haoni vizuri. Nikiondoa weusi huu, alama zitatokea wazi, nitapiga picha, Kaka ataikuza kwenye simu, na Baba ataziona zote. Nilikumbuka alichosema Mjomba. Sitasema nilisahau. Nilikumbuka, nikajiambia kuwa nitagusa kidogo tu, kama kumpangusa mtoto pua.

Fedha ile imechoka, Baba. Alama za sindano hazina kina hata cha unywele. Niligusa gurudumu, nikatoa, nikafuta dawa nyekundu kwa kitambaa, na nikajiona uso wangu. Uso wangu mzima, na sweta la mkaza mjomba. Hakuna kuku. Hakuna fundi wa Kihindi. Hakuna wewe. Namba ya kiwandani tu ndiyo iliyobaki, maana ile iligongwa kwa chuma.

Nilifunga kifuniko nikairudisha saa kwenye kikasha. Mjomba aliporudi akauliza, "Kuna aliyekuja?" Nikasema hakuna. Nikawa natetemeka, akasema baridi hii si mchezo, akanisogezea hita.

Kuanzia hapo ndipo nilipokudanganya. Uliponiuliza Jumamosi ile kama saa imepona, nilisema spea bado haijafika. Jumamosi iliyofuata nikasema hivyo hivyo. Kisha kulikuwa na fujo mtaani dhidi ya wageni na tulifunga kibanda siku mbili, na Mungu anisamehe, nilifurahi, kwa sababu nilipata kisingizio cha kweli. Halafu ukasema, "Mwanaidi, ukishakwaruza alama yako nitumie picha. Nataka nikuone uko chini yangu, na mimi niko chini ya marehemu."

Hapo ndipo nilipofanya jambo lililo baya kuliko la kwanza. La kwanza lilikuwa ujinga. La pili nilikaa nikalifikiria.

Jumapili moja alasiri, mkaza mjomba akiwa kwa shoga yake na Mjomba amelala, nilichukua lenzi na sindano nikaketi dirishani. Nikakwaruza nyayo kumi na moja za kuku. Nikakwaruza zako nne na nukta zake. Nikaweka punje yangu. Za fundi wa Kihindi na za wale wazungu sikuzikumbuka, kwa hiyo nilipopiga picha niliinamisha kifuniko ili mwanga wa dirisha uangukie mahali pale na pasionekane. Niliinamisha kwa makusudi, Baba. Nilijaribu mara sita mpaka uongo ukakaa vizuri.

Ujumbe wako wa sauti ninao bado kwenye simu. Unacheka, nasikia kuku wa Bibi nyuma yako, halafu unasema, "Nimeuona unyayo wa marehemu. Uko wazi kama ameukwaruza jana." Kaka akaniandikia kuwa ulibeba simu yake mpaka kwa kinyozi, mpaka kwa wauza asali, ukawa unasema, "Mwanangu ameandika chini ya babu yake." Niliusikiliza ujumbe ule mara moja tu.

Nilidhani Mjomba hajui. Wiki moja baadaye tulikuwa tunafagia kibanda, akasema bila kunitazama, "Umeshamwambia baba yako?"

"Nimwambie nini, Mjomba?"

"Dawa nyekundu imebaki kwenye bawaba ya kifuniko. Mimi nimejua tangu Ijumaa ile." Akaendelea kufagia. "Na juzi nimefungua tena, nimekuta kuku wamefufuka. Ila wamefufuka na mguu mwingine. Babu yako alikuwa wa mkono wa kushoto, mama. Nyayo zake zote zililalia huku. Zako zimelalia kule. Baba yako kwa picha hakuona. Kwa ukucha atajua kabla hujamaliza kumwamkia."

Nikaanza kulia. Yule mama wa mitandio akachungulia, "Yoh, unampiga mtoto?" Mjomba akasema, "Sijamgusa. Anajipiga mwenyewe."

Nikamwomba aniombee msamaha kwako. Alikataa. Akaniuliza, "Unajua kwa nini fundi anaacha alama ndani ya saa?"

"Ili akumbukwe."

"Hapana. Ili alaumiwe. Saa ikirudi mbovu, fundi anayefuata anafungua anaangalia: nani alikuwa wa mwisho humu? Sifa ni kitu kilichokuja baadaye. Mimi siwezi kukusemea, Mwanaidi. Mimi sikuifungua saa ile Ijumaa."

Nikatafuta njia nyingine. Mwenye nafasi yetu ya biashara ni Mzee Dawood, mtu wa hapa hapa mwenye asili ya Kihindi. Ujana wake wote alikuwa fundi wa wakala wa saa za Delorbe mjini hapa, na kampuni ilimpeleka Uswisi kusomea saa zao. Kiswahili chake ni maneno matatu, jambo, pole na haraka, na yote huyasema kwa wakati usiofaa. Kwa hiyo tunaongea Kiingereza, na pamoja naye sikiogopi sana, kwa sababu yeye ni mzito wa masikio na mimi ni mzito wa kusema, tunalingana. Niliwahi kumsikia akisema kwamba kampuni ile ina vitabu vinavyoonesha kila saa iliyowahi kutengeneza. Nikawaza: labda saa ya Babu iliwahi kurudi kwao, labda mtu alinakili alama. Nikamwonesha namba. Sikumwambia sababu.

"Haraka," alisema, akimaanisha nikae. Akanisimulia, na nakuandikia alivyosema, kwa maana wewe hupenda habari za saa, na sina zawadi nyingine.

Alisema saa hizi hazikuanzia kwa matajiri. Zilianzia kwenye bonde la wafuga ng'ombe, ambako theluji ilifunga njia miezi mingi na watu hawakuwa na la kufanya. Kila nyumba ikashika kazi yake dirishani: hawa wanakata skrubu, hawa mishale, hawa wanapaka nyuso. Delorbe alikuwa mtoto wa mtengeneza jibini. Yeye alitembea kwenye theluji na mfuko begani, nyumba kwa nyumba, akikusanya vipande, akaviunganisha jikoni kwao. Wewe ungempenda, Baba. Kibanda chake cha kwanza kilikuwa meza ya kukatia jibini.

Alikufa kwa kifua kikuu, bado kijana. Mkewe Adèle akabaki na watoto na madeni ya watu ya saa ambazo hazijakamilika. Wanaume wa bonde wakamwambia auze. Akakataa, akaanzisha kitabu: kila saa inayotoka mlangoni iandikwe namba, fundi wake na inakokwenda. Siku moja fundi mmoja aliandika namba kwa makosa, akaona aibu, akaikwangua karatasi kwa kisu akaandika nyingine juu. Saa ile ilipoharibika haikujulikana ni ya nani wala nani aliiunganisha. Adèle aliwakusanya mafundi wote mbele ya kitabu. Akawaambia kuwa katika nyumba yake kosa halikwanguliwi. Linapigwa mstari mmoja juu yake, linabaki likisomeka, na chini yake aliyekosea anaweka jina lake.

"Mpaka leo," alisema Mzee Dawood. "Nimeviona vile vitabu. Vimejaa mistari. Mimi mwenyewe nina mstari wangu mle." Akacheka mpaka akakohoa. Alisema ule mstari ndicho kitu chake cha pekee kilichobaki Uswisi, naye huukumbuka kuliko cheti chao.

Baada ya Adèle wakaja watoto na wajukuu, saa za dhahabu, wafalme na mabalozi. Kisha zikaja saa za betri, na bonde likanyamaza. Mashine ziliuzwa kwa uzito wa chuma. Walibaki wazee watatu na vile vitabu, mpaka kampuni ikanunuliwa na watu wenye fedha nyingi, ambao sasa wanawauzia wenye fedha nyingi zaidi. Jambo hilo uliliona na wewe, Baba, pale sokoni, simu zilipokuja na watu wakaacha kuleta saa. Tofauti ni kwamba wewe hakuna aliyekununua.

Mzee Dawood aliwaandikia kwa ajili yangu. Tukisubiri jibu, nilikwenda Sandton, mtaa wa matajiri, ambako kampuni ina duka. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka kuona kama kuna mtu anafanana na Adèle. Nilisimama nje ya kioo mpaka askari wa mlangoni akanifuata. Nikajua ananifukuza, nikaanza kuondoka.

"Dada, ngoja! Weye ni wa kwetu? Unaongeaka Swahili?" Kumbe nilikuwa ninajisemea mwenyewe. Ni mtu wa Bukavu. "Ingia, mlango haulumi."

"Sinunui kitu," nikasema.

"Hata miye sinunui. Niko hapa myaka ine. Ona saa zote za ndani, ziko kuonesha saa ine na dakika kumi. Asubui, saa ine na dakika kumi. Mangaribi, saa ine na dakika kumi. Saa ya kutoka kazi haifikake!"

Alinisindikiza ndani kama mgeni wa heshima. Kwenye ukuta kumeandikwa historia ya kampuni kwa herufi za dhahabu. Delorbe na mfuko wake yupo. Wafalme wapo. Adèle nilimtafuta kutoka mwanzo mpaka mwisho, nikamkosa. Wala mistari ya makosa haipo. Wazee watatu hawapo. Ukuta wote unang'aa, Baba, umelainishwa vizuri sana, na mimi nikasimama pale nikaona kifuniko chako. Nikaona kazi yangu.

Jibu lilikuja wiki tatu baadaye. Limo ndani ya bahasha hii, Kaka atakutafsiria. Ni mistari michache: saa ya mfukoni, kifuniko cha fedha, namba ni hii, fundi wake alikuwa fulani, imepelekwa kwa mfanyabiashara Zanzibar. Basi. Hawajui ilifikaje reli ya kati. Hawamjui mkuu wa stesheni, hawamjui fundi wa Kihindi, hawamjui Babu. Kwao habari ya saa inaishia mlangoni. Habari yote ya baada ya mlango iliandikwa mahali pamoja tu duniani, na mahali pale nilipapitisha kwenye gurudumu.

Mzee Dawood alipopita kibandani nilimwonesha karatasi, na hapo nikamwambia yote. Nilitamka mara mbili kwa sababu ya masikio yake, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu ilibidi nipaze sauti na yule kijana wa kibanda cha simu akasikia. Aliikunja karatasi ile taratibu. Kisha akasema, "Pole." Ni mara ya kwanza alilisema mahali pake.

Nikamuuliza kama niondoe zile alama za uongo. Gurudumu lilikuwa pale pale. Alinitazama tu juu ya miwani, nami nikalipata jibu mwenyewe.

Baba, nimekaa na jambo hili miezi mitatu. Sikuombi useme si kitu, kwa sababu ni kitu. Ukitaka nisiguse saa tena, Mjomba amesema kuna kazi ya kusuka nywele kwa rafiki wa mkaza mjomba, nitakwenda. Ukitaka kuwaambia kinyozi na wauza asali kwamba picha ile ilikuwa ya uongo, uwaambie kuwa mimi ndiye niliyesema hivyo. Ninachoogopa si hasira yako. Naogopa kwamba uliufurahia unyayo ule, na furaha hiyo niliitengeneza kwa sindano, na sasa nainyang'anya na kukuachia kitu kidogo kuliko ulichokuwa nacho kabla sijazaliwa.

Kabla sijamaliza, nisalimie Bibi, mwambie sweta ninavaa. Msalimie Shangazi Mwajuma aliyenifungia vitumbua vya safari. Vilifika Lusaka vikiwa bado laini. Msalimie shemeji, mke wa Kaka, na mtoto wake mpya ambaye bado sijamshika. Mwalimu wangu wa hisabati naye, mkikutana naye njiani. Mjomba na mkaza mjomba wanakuamkia. Mjomba anasema springi ni nzuri, itavumilia miaka mingi, hiyo ni kazi yake na juzi ameiwekea alama yake pembeni, kwa hiyo ikikatika umlaumu yeye.

Sasa Mama Chausiku anaweza kukupa saa.

Ifungue kwa ukucha, Baba, halafu upitishe ukucha huo huo polepole kuanzia juu. Juu utakuta laini. Hapo ndipo walipokuwa fundi wa Kihindi na wale wazungu, sikupagusa tena, sitapagusa. Katikati, mlipokuwa Babu na wewe, utakuta nyayo kumi na moja zinazolalia upande usio wake, na nne zenye nukta. Ni zangu zote. Juu yake nimepiga mstari mmoja kutoka ukingo mpaka ukingo, na nimeziacha zisomeke. Ile punje ya kwanza, ya kwenye picha, nayo imepitiwa na mstari huo.

Halafu shuka mpaka chini kabisa, karibu na bawaba, ambapo dawa nyekundu ilibaki. Nimeweka punje nyingine. Safari hii sikuiweka kwa sifa. Nimeiweka ili fundi yeyote atakayefungua, hata miaka mia ijayo, ajue aliyekuwa wa mwisho humu ni nani na amlaumu nani. Ni punje moja, peke yake, haina kuku mbele wala nyuma.

Ni mimi binti yako, niliyeifungua saa Ijumaa ile,

Mwanaidi